Ulimi umepona, kansa imetokea shingoni

Jamani ngoja niandike mara moja maana kila siku kuna mtu ananiuliza imekuwaje Mjomba karudi wodini wakati tulitangaziana kwamba ni steji ya kwanza, kidonda kidogo ubavuni mwa ulimi hata sentimita mbili hakifiki, kikakatwa, majibu ya maabara yakaja kingo safi, yaani pembezoni mwa nyama iliyokatwa hapakuwa na kansa. Na ni kweli ulimi umepona, anakula ugali wake, anaongea, anatania watu vilevile. Kansa imetokea shingoni. Kigololi kigumu chini ya taya upande uleule, hakiumi kabisa, mwenyewe akajua ni jino.

Hiki kitu hakisemwi vya kutosha. Ulimi una njia nyingi za limfu (yale majimaji ya mwili yanayopita kwenye tezi), kwahiyo seli zinatoroka mapema sana kwenda kwenye tezi za shingo, na zikiwa chache daktari akipapasa hasikii kitu na hata sitiskani haizioni. Wagonjwa kama 20 mpaka 30 kwa kila 100 wenye kansa ndogo ya ulimi na shingo inayoonekana safi, tayari zimo. Sasa wewe unajitazama ulimi kwenye kioo kila asubuhi unashukuru Mungu, kumbe pa kushika ni shingo.

Wahindi wamelisoma hili vizuri, hospitali ya Tata Memorial Mumbai, matokeo yalitoka 2015. Waliosafishwa tezi za shingo palepale wakati wa kukatwa ulimi, baada ya miaka 3 walikuwa hai asilimia 80, waliosubiri mpaka uvimbe utokee ndo wakapasuliwa ni 67.5. Tofauti kubwa hiyo. Kwahiyo ukiwa na mgonjwa usiulize tu kidonda kina upana gani, uliza kimezama milimita ngapi, maana kikishapita 3 au 4 madaktari wengi wanataka na shingo ishughulikiwe hata kama haina kitu.

Kuna shangazi mmoja kwenye familia (simtaji mtu hapa) anasema ni kisu ndo kimeisambaza, kansa haiguswi chuma. Hapana. Ilikuwa imeshatoka kabla ya kisu, na maneno kama hayo yanawafanya watu wakimbilie dawa za kienyeji mpaka uvimbe unapasuka wenyewe. Kama mnatafuta wa kumlaumu laumuni tambuu, Mjomba katafuna toka ujana, na popoo (ile kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu) peke yake hata bila tumbaku inaleta kansa, WHO walishasema miaka mingi.

Kansa za ulimi zinazorudi, nyingi zinarudi ndani ya miaka 2 ya mwanzo, ndo maana kliniki wanakuita karibu kila mwezi au miwili hata ukijiona mzima. Mjomba alikuwa anaona nauli inapotea bure.

Sasa ameshapasuliwa shingo, tezi moja kansa ilikuwa imeshatoboa ganda lake na kutoka nje kwahiyo anaenda mionzi pamoja na kemo. Kabla ya mionzi meno mabovu yote lazima yang'olewe, maana taya lililopigwa mionzi ukiling'oa jino baadae kidonda kinaweza kugoma kupona. Amekubali yote isipokuwa lile alilovika dhahabu Muscat enzi zake, daktari kasema limeoza chini, yeye anasema daktari analitaka. Tunabishana nae mpaka sasa hivi.