Hakuna Mwanga, Minnie

Somo: Marko 2:1–12

Wapendwa, Bwana asifiwe. Juma hili nimekuja na wimbo wa kantri, na najua wapo watakaoguna. Lakini sisi tuliokulia Kenya tunazijua nyimbo hizo. Wengi wetu tulizipenda kabla hatujaelewa maneno yake.

Mwimbaji wa kantri Hank Williams alizaliwa Alabama, Marekani, mwaka 1923, akiwa na kasoro ya uti wa mgongo. Mama yake alipiga kinanda kanisani, mtoto akiwa kando yake. Alipokua, maumivu ya mgongo aliyatuliza kwa pombe na mofini, dawa kali ya maumivu. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja, wakirudi kutoka kwenye onyesho, mama aliyekuwa kwenye usukani aliona taa ya uwanja wa ndege wa Montgomery, akasema ameuona mwanga. Alimaanisha tu kwamba jamani, tunakaribia nyumbani. Mwanawe akalichukua neno hilo akatunga “I Saw the Light”, ushuhuda wa mtu aliyetangatanga dhambini mpaka Bwana akamfikia. Ulitoka mwaka 1948, na hadi leo huimbwa makanisani.

Sasa, mchekeshaji Minnie Pearl alisimulia kwamba mwaka 1952 alikuwa na Hank ndani ya gari, mwenzake amelewa hajiwezi. Wakaanza kuimba wimbo huohuo ili kumchangamsha. Hank akaimba kidogo, akakatiza. Akamwambia Minnie kuwa hakuna mwanga wowote, ni giza tu.

Siku kadhaa sasa maneno hayo hayajaniachia. Mtu anaweza kusema alikuwa mnafiki. Mimi ulimi wangu haufiki huko, maana nimewahi kuongoza pambio la furaha asubuhi ambayo nilikuwa nimetoka kulia bafuni. Na yule baba wa Marko 9, aliyemletea Yesu mwanawe mgonjwa, alisema, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu”, yote mawili kwa pumzi moja, wala Yesu hakumfukuza.

Tarehe 1 Januari 1953 Hank alitakiwa kuimba Canton, Ohio. Njiani dereva wake, kijana mwanafunzi, akagundua kwamba bosi wake aliyelala kiti cha nyuma amekufa. Alikuwa na miaka 29. Kule Canton watu walikuwa wameshakaa ukumbini. Tangazo lilipotolewa baadhi walicheka, kwa kuwa walishazoea visingizio vya Hank kutofika. Kisha wakaelewa. Nyuma ya pazia wanamuziki wenzake wakaanza “I Saw the Light”, na ukumbi mzima ukaupokea.

Yaani wimbo ambao mwenyewe aliushindwa garini, wengine waliumaliza.

Turudi kwenye somo letu, kule Kapernaumu. Wanne wanatoboa dari ya watu, wanamteremsha mwenzao aliyepooza. “Naye Yesu, alipoiona imani yao…” Yao. Mgonjwa mwenyewe hatuambiwi aliamini nini. Huenda alikuwa anaona aibu tu, kuteremshwa hivyo mbele ya umati. Nimeusoma mstari huu tangu shule ya Jumapili bila kusimama kwenye neno hilo moja.

Kwenye kwaya yetu yupo mmoja ambaye tangu Pasaka anafungua mdomo tu, sauti haitoki. Sitamuuliza kitu. Jumapili hii nitahamia upande wake, niimbe sauti ya pili karibu na sikio lake.