Haya

Sentensi hii nimeiandika na kuifuta mara tatu, basi niiseme tu: Milia na Madoa ni spishi moja.

Mliokuwa nami tangu mwaka jana mnawajua koa wangu hawa wa baharini. Milia ana mistari mitatu myeusi isiyokatika. Madoa mistari yake imekatikakatika hadi ikawa vidoti, na ukingo wake wa njano umekoza zaidi. Nilishamtafutia Madoa jina la Kilatini, na Mama alishaanza kumwita mjukuu. Jumatatu majibu ya vinasaba yakaja: kwenye kile kipande cha COI, jeni inayotumika kutambulisha spishi, chenye herufi 658, wanatofautiana kwa herufi 4. Hata akina Milia wenyewe kwa wenyewe wanatofautiana hivyo.

Lakini si hilo linalonikosesha usingizi. Kaka ameoa, mimi nimehama chumba, tangi kubwa limevuja na kulowesha madaftari ya Zuhura, na yote hayo yamenipita kama kelele za nyumba ya pili. Kinachonirudia ni maneno ya nusu dakika, mlangoni kwa Profesa.

"Meno uliyaangalia?"

"Niliyaangalia, Profesa."

"Haya."

Akarudi kwenye kompyuta yake.

Sikudanganya. Niliitoa radula, ule utepe wa meno ambao koa hukwangulia chakula, nikaipitia kwa hadubini ya elektroni safu baada ya safu. Meno yalifanana. Nikajiambia kwamba meno ya Chromodoris, jenasi ya koa wangu hawa, hufanana hata kwa spishi zilizo mbalimbali, kwa hiyo kufanana hakuthibitishi kitu. Na ni kweli. Ila najijua: yangetofautiana hata kijino kimoja, kijino hicho kingekuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti. Profesa aliuliza kama niliangalia. Hakuuliza niliona nini, nami nikashukuru kwamba hakuuliza.

Sasa hiyo "haya" yake. Nimeijaribu kwa sauti nikiwa peke yangu, kila namna. Kuna haya ya "sawa, tuendelee". Kuna haya ya "nenda, nina kazi". Na kuna haya ile nyingine, ya usoni, ambayo mtu akiikosa watu humsema. Aliivuta au aliikata? Jumanne niliapa kwamba aliikata. Leo naisikia kama aliivuta kidogo mwishoni. Na hivi kabla hajaitamka, alinitazama au alikitazama kisanduku cha slaidi mkononi mwangu? Nilikishika kisanduku kile kwa mikono miwili, kama mtoto aliyevunja kitu.

Kinachouma zaidi: makala ya 2018 ya Kara Layton, Terrence Gosliner na Nerida Wilson, iliyoonyesha jinsi rangi za Chromodoris zinavyopotosha watafiti, nimeinukuu mimi mwenyewe. Aya ya pili ya utangulizi. Nikaendelea hadi aya ya tatu na rangi zangu. Hata chupani, alkoholi ilipowatoa rangi wote wakapauka, nililazimika kusoma vibandiko ili nijue yupi ni Madoa. Vibandiko vyenyewe niliviandika mimi.

Zuhura, ambaye hufariji watu kwa tarehe, akanikumbusha kwamba Bruce Robison na Steven Haddock walimwona koa aitwaye Bathydevius kwa mara ya kwanza mwaka 2000, huko kwenye maji ya kina kirefu yasiyo na mwanga, na hawakumpa jina hadi 2024. Nikamjibu kwamba wao mnyama walikuwa naye.

Alhamisi nilipeleka koleo za Profesa ofisini kwake. Hakuwepo. Kwenye rafu, nyuma ya chupa tupu, nikaona tasnifu yake ya zamani, na mgongoni neno moja limechapwa kwa herufi kubwa: OPISTHOBRANCHIA. Nilisimama pale kwa muda. Ndilo kundi ambalo zamani koa wa baharini waliwekwa humo, na halipo tena. Vinasaba vililivunja, na mwaka 2011 Michael Schrödl na wenzake wakaliaga kabisa kwenye makala yao. Wale koa wa kijani wanaofyonza mwani na kuzitunza kloroplasti zake, vile vichembe vya kijani vinavyonasa nuru, akina Elysia, wakakutwa wako karibu na konokono wa nchi kavu kuliko walivyo na hawa wangu. Mimi nimepoteza jina moja ambalo halijawahi kuchapishwa. Yeye kundi zima lilimfia mkononi, na tasnifu bado iko rafuni, imefutwa vumbi.

Nikarudi maabara nikicheka peke yangu. Daftarini nikakuta niliyoyaandika wiki mbili zilizopita: "Milia na Madoa wamepandana, kisahani na. 6. Ajabu!" Ajabu gani? Wao walishaniambia. Kila mmoja wao ni dume na jike kwa pamoja, na siku mbili baadaye Madoa akataga utepe mweupe uliozungushwa kama ua. (Koa huhifadhi mbegu, kwa hiyo siwezi kuapa baba ni nani.) Jana usiku mayai yakaanza kupasuka. Viluwiluwi wanaogelea wakizungukazunguka, na kila mmoja amebeba kigamba kisafi kama kioo, gamba ambalo atalivua akishatua chini na kuwa koa. Nimewatazama hadi saa nane usiku. Hawana mistari wala vidoti.

Kesho nitamwonyesha Profesa picha za meno, zote, bila kuulizwa. Nitaanza na zile za Machi.

Mama amepiga simu sasa hivi. Hakuuliza habari za mjukuu. Anasema goti la Baba limevimba tena, na safari hii Baba mwenyewe ndiye aliyeomba apelekwe hospitali. Baba, aombe hospitali?