Chunusi ana miguu mingapi?

Malindi, Jumamosi usiku. Kusi linavuma, madirisha yamefungwa, na karatasi mezani imeanza kukunjamana kwa unyevu.

Kila mtoto wa pwani ameonywa kuhusu chunusi, zimwi la majini: usiende maji marefu, atakuvuta mguu. Ila muulize aliyekuonya, chunusi mwenyewe ana miguu mingapi? Ana magamba au ngozi tupu? Hatakuwa na jibu, na wala halihitaji. Hadithi ya mdomo inamwachia kila msikilizaji ajichoree lake gizani. Kitabu cha mchezo wa mezani hakina ruhusa hiyo. Wachezaji wamekaa na dadu zao, msimamizi wa mchezo anafungua ukurasa, anaugeuza wauone, anasema "ndiye huyu hapa." Kuanzia hapo picha ndiyo dubwana lenyewe, na kila kiungo kilichochorwa kinahesabiwa.

Kwa asiyeijua michezo hii: Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji anabeba mhusika mmoja, msimamizi anabeba dunia iliyobaki, pamoja na madubwana yake. Dubwana lina takwimu: ukubwa, mwendo, mashambulizi mangapi kwa zamu, mkono unafika wapi. Picha hukaa pembeni ya takwimu hizo, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Maandishi yanasema makucha mawili, mchoraji kaweka gando moja. Maandishi yanasema mkia unachoma mtu aliye mita 3 mbele, picha ina mkia wa mbuzi.

Wakati mwingine takwimu ndizo zilizolifuata umbo. Kitabu cha madubwana cha mwaka 1977, alichoandika Gary Gygax, kina michoro ya wino ya akina David Sutherland na David Trampier ambayo mpaka leo inatajwa mezani. Baadhi ya viumbe vya mchezo huo, kama yule dubu mwenye kichwa cha bundi na yule mdudu anayekula chuma kwa kutu, vilianza kama vidude vya plastiki vya bei rahisi vilivyotengenezwa Hong Kong. Kidude kiliwekwa mezani kwanza, jina na sheria vikaja baadaye. Nadhani ndiyo maana vinashika kichwani: vilikuwa na umbo kamili, la kushikika, kabla mtu hajaandika neno.

Na Malindi imo humo kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1415 twiga kutoka huku alifika kwa mfalme wa China, mwaka mmoja baada ya mwingine aliyetoka Bengal, na watu wa kule wakamwita qilin, mnyama wao wa hadithi mwenye baraka. Qilin huyohuyo, kwa matamshi ya Kijapani, yumo katika kitabu cha 1977, ana magamba ya dhahabu na pembe. Shingo ya twiga imepotelea njiani. Mnyama wa kweli alisomwa kama wa hadithi. Mchora madubwana anaisafiri njia hiyo kwa kurudi nyuma, anaanza na wa hadithi na kumtafutia mnyama wa kweli wa kumsimamisha.

Kwa chunusi, mnyama huyo ninamwona ni samaki aitwaye silakanti. Wataalamu walimjua kwa mabaki ya mawe tu mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, na mwaka 2001 akanaswa mwingine hapa karibu na Malindi. Mapezi yake hayakushikana na mwili moja kwa moja kama ya changu. Yamekaa kwenye vigutu vya nyama vyenye mifupa ndani. Akiogelea huyapeleka kwa kupishana, la mbele kushoto na la nyuma kulia, kama punda anavyokwenda mbio ndogo. Mkia una sehemu tatu, na ile ya katikati ni kishungi kidogo kinachochungulia nje. Fuvu lina kiungo ndani yake, kwa hiyo mdomo ukifunguka hata pua inanyanyuka. Kwa mchoraji hiki ni kitu cha bure: kinywa kinachofunguka pande mbili, na si uongo.

Lakini silakanti hatembei. Ukimtoa majini na kumsimamisha juu ya mwamba kama alivyo, atakuwa samaki aliyebandikwa miguu, na jicho la mtazamaji litajua hata kama mdomo hauwezi kueleza. Kasoro iko nyonga. Kwa samaki mifupa ya mapezi ya nyuma haijaungana na uti wa mgongo, inaelea kwenye nyama. Chunusi anayepanda ufukweni lazima apewe nyonga: uvimbe pale mgongo unapoteremka kwenda mkiani, paja linaloanzia juu ya ubavu badala ya kuanzia tumboni, na tumbo lenyewe liburuzike kidogo. Dondosha mstari wima kutoka katikati ya kiwiliwili. Usipoangukia kati ya nyayo zinazobeba uzito, kiumbe kinaanguka, hata ukipake rangi ya aina gani. Kosa hilohilo huwaua mazimwi wenye mabawa: mabawa yanachomekwa mgongoni kama ya malaika wa sherehe, bila bega la pili wala misuli ya kifua ya kuyapiga.

Vipimo vinakuja kabla ya kichwa, kabla ya meno. Tuseme picha ni ya nusu ukurasa wa A4, milimita 180 kwa 125. Chora kubwa mara moja na nusu, yaani 270 kwa 188, itapunguzwa wakati wa kuchapa, na karatasi ya A4 inatosha. Pembeni simamisha mtu wa milimita 40, na umhesabu kuwa ana urefu wa mita 1.7. Chunusi wa mita 4 atakuwa na milimita 94 toka pua hadi mkia, na mkono unaofika mita 3 ni milimita 71 toka begani hadi ncha ya kucha. Pima kwa bikari, usikadirie. Katika sheria za mchezo, kiumbe kikubwa cha daraja la kwanza juu ya mtu hushika mraba wa futi 10, kama mita 3 kwa 3, kwa hiyo mtu aliyesimama karibu naye asiachiwe amfikie begani. Baadaye mtu huyo anaweza kufutwa na nafasi yake ikachukuliwa na kitu kinachojulikana ukubwa: kasia, dema, ndara iliyosahaulika mchangani.

Kabla hata ya hapo kuna picha ndogo tisa, sentimita 4 kwa 5 kila moja, kwa kalamu nene nyeusi, dakika mbilimbili, bila jicho wala gamba, kivuli kitupu. Zibandike ukutani, rudi hatua tatu. Ile ambayo huwezi kusema mbele ni wapi na itashambulia kwa nini, itupe. Wengi huruka hatua hii kwa sababu haipendezi kuonyeshwa mtu, halafu wanamaliza siku mbili wakipamba magamba ya kiumbe ambacho kwa mbali ni gunia.

Wino sasa. Tatizo la chunusi wa Malindi ni mwamba wake. Mwamba wa matumbawe una matundu na ncha kila mahali, na magamba ya silakanti nayo ni magumu yenye mikwaruzo. Ukichora vyote viwili kwa bidii sawa, dubwana linazama ndani ya jiwe. Acha ukanda mweupe wa milimita 2 kulizunguka pande zote za mwanga. Mwambani weka mistari ya kivuli ya mwelekeo mmoja tu, ya kalamu yenye ncha ya milimita 0.1, na kalamu 0.3 na 0.5 ziwe za mwili peke yake. Magamba yachore kwenye mpaka wa mwanga na kivuli. Upande wa mwanga yaache, macho yatayamalizia yenyewe. Russ Nicholson, aliyechora kwa wino katika kitabu cha madubwana kilichotoka Uingereza mwaka 1981, alijaza ukurasa kwa mistari na nukta na bado uso unaonekana kwanza, kwa sababu kila mstari umefuata mzunguko wa nyama.

Picha ikipunguzwa, mstari wa 0.3 unakuwa 0.2, na wa 0.1 unakaribia kupotea. Ndiyo maana hauwekwi kwenye kitu chochote cha maana. Mapengo nayo yanapungua. Mistari iliyoachiana chini ya nusu milimita itajaa wino kwenye karatasi isiyong'aa, na kivuli chako cha kupendeza kitatoka doa. Skani nukta 600 kwa inchi. Ukiipunguza hadi ukubwa wa kitabu inakuwa 900, inatosha kwa wino. Picha ya rangi ni nukta 300 kwa ukubwa wa kuchapwa, yaani pikseli 2126 kwa 1476. Ikiwa inafika mpaka ukingo wa ukurasa, ongeza milimita 3 kila upande unaokatwa, na usiweke kucha wala ncha ya mkia ndani ya milimita 5 za ukingo. Mashine ya kukata haina huruma.

Bluu ni mtihani mwingine. Silakanti ana bluu ya chuma yenye madoa meupe, na kwenye skrini bluu hiyo inawaka. Ikigeuzwa kuwa wino nne za uchapaji inafifia, inakuwa ya sare iliyofuliwa sana. Usipambane nayo kwa kuongeza bluu. Ichafue rangi ya jirani, ipe mwamba udongo mwekundu kidogo, na bluu itapanda yenyewe. Mistari myeusi ibaki nyeusi moja tupu. Ikichanganywa wino zote nne, karatasi ikisogea kidogo tu mashineni kila mstari unavaa ukingo wa pinki.

Na hili joto letu: mkono unatoa jasho, penseli inapaka, wino unachelewa kukauka. Karatasi safi chini ya kiganja muda wote. Kwa rangi za maji, karatasi ya gramu 300. Ya gramu 200 itafanya mawimbi kabla hujafika mkiani. Zilizobaki kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, la sivyo ukungu utaziwekea madoa, na madoa hayo hayaonekani mpaka rangi ipite juu.

Mwisho chapa kwa ukubwa wa kitabu, peleka duka la fotokopi, toa nakala, kisha toa nakala ya nakala. Wasimamizi wengi hawabebi kitabu mezani, wanabeba nakala. Jicho la chunusi likiwa limeshakuwa tundu jeusi, lirudie, na safari hii acha nukta nyeupe ya milimita moja.