Siku moja ukutani, Mkunazini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nipo kanisani Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, na ndoo ya chokaa. Mimi Muislamu, na watu hupenda kuniuliza nafanya nini humo. Nasiliba ukuta. Ukuta hauna dini, una chumvi.

Hiyo chumvi ndiyo kazi yenyewe. Kuta za matumbawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa. Zamani mtu aliziba kipande kwa saruji, akenda zake na sifa. Maji yakakosa pa kutokea, chumvi ikajaa nyuma, plasta ikavimba na kumeguka. Mpaka saa nne nambandulia saruji yake kwa nyundo ndogo. Ukiharakisha, inatoka na jiwe.

Boflo na maharage, upesi, maana saa tano wageni wanajaa. Nasimamisha nyundo, nawasikiliza watembeza wageni. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa hili likawekwa papo hapo. Mbele ya altare kuna duara jeupe la marumaru, kuonesha uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Hapo hata wenye simu mkononi hunyamaza. Mimi na ndoo yangu hupita kando, hakuna aliyenifunza.

Kisha wote wanatazama juu. Paa limepinda kama pipa lililopasuliwa, la saruji na matumbawe yaliyopondwa, na watu walidhani litamwangukia Askofu Edward Steere, aliyelijenga. (Naam, saruji. Juu naikubali, ukutani siitaki.)

Adhuhuri naswali msikiti wa jirani, narudi.

Saa tisa wanakwaya wanaingia kufanya mazoezi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Leo tena tunaimba na vumbi lako?"

Nahamia nyuma, kwenye zile nguzo ndogo. Inasimuliwa kuwa Steere alikuwa safarini, mafundi wakazisimamisha kichwa chini, naye aliporudi akaziacha. Wageni hucheka hapo kila siku. Mimi sicheki. Nimeshaachiwa kazi na mwenye kazi hayupo, wala hapana wa kumuuliza.

Saa kumi na moja nalowanisha magunia na kufunika chokaa mbichi isikauke kwa pupa. Nguzo zile niliwahi kuzipima kwa timazi, moja moja. Zimenyooka.