Nimeshiba, asante: neno ambalo wasafiri wengi hatujifunzi

Kikombe cha pili hakijapoa hata, mi tayari nimeshasimama. Ilikuwa Addis Ababa, nyumbani kwa familia iliyonialika kahawa baada ya kufahamiana siku tatu tu, na kichwani nlikuwa na miadi mjini saa kumi jioni, nkaona nimekunywa viwili, nimesema ameseginalehu (ndo asante ya Kiamhari hiyo, ndefu, nliifanyia mazoezi usiku hotelini mpaka ikanyooka), kwa hiyo adabu zote nimezimaliza, niende zangu. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, mkononi ana jebena, lile birika la udongo jeusi lenye shingo nyembamba. Hakusema kitu. Aliangalia kikombe changu, akaangalia mlango, halafu akaendelea kuongeza maji kwenye jebena taratibu kama vile hajaona mtu kasimama. Binti yake ndo akanisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, bado baraka.

Bado baraka! Mtu anayeongea Kiswahili haitaji kutafsiriwa hapo. Kahawa ya nyumbani kule inakwenda raundi tatu, ya kwanza inaitwa abol, ya pili tona, ya tatu ndo baraka, na maana yake ni hiyo hiyo unayoijua wewe. Buni zinakaangwa mbele yako (wao kahawa yenyewe wanaiita buna, ona tulivyo karibu), zikianza kutoa moshi wanakuzungushia kikaango uvute harufu, zinatwangwa, zinachemshwa, kisha unga ule ule unaongezewa maji mara mbili zaidi ndo maana kila raundi inakuwa nyepesi kuliko iliyopita. Anayekuja kutafuta ladha tu anaweza kudhani ya tatu ni maji ya kusuuzia. Kumbe ile ya tatu ndo walioniitia.

Nkakaa. Miadi ikanisubiri, nlipiga simu nkaomba radhi.

Sasa tangu siku ile nimekuwa na jambo moja ninalolisema kwa kila anayeniambia anasafiri nje, nalo ni hili: karibu wote tunajifunza habari na asante, na ni vizuri sana, endeleeni, lakini neno linalokosekana ni lile la kukataa. Au kusema inatosha. Au kusema hiki siwezi kula, bila mwenye nyumba kubaki na mkono hewani. Watu wanadhani heshima ni kukubali kila kitu, kumbe ukikubali kila kitu haupiti muda unachoka, unaanza kukimbia meza za watu, unajifungia hotelini na biskuti. Na wengine wanakataa kwa njia ile niliyoiona hapo hapo Addis kwenye mgahawa mmoja, mtalii kaletewa injera, ule mkate wao mpana laini wenye vitundu, kainua kipande kwa vidole viwili mbele ya simu yake, kakunja uso, kasema kitu kuhusu sponji, wenzake wakacheka na video ikaendelea. Mhudumu kasimama pale pale na sinia. Injera ile ya teff, nafaka yao ndogo sana, unga wake unaachwa uchachuke siku kadhaa kabla ya kupikwa, mtu kaamka asubuhi na mapema kuipika, halafu inakuwa kichekesho cha sekunde kumi mtandaoni. Iliniuma na bado inaniuma, maana yule mtalii angeweza kabisa kutoipenda, hakuna sheria ya kupenda, kuna namna tu ya kutopenda.

Kwa Waethiopia kuna gursha pia. Mwenyeji anakata kipande cha injera, anakizungushia mboga, anakuletea hadi mdomoni kwa mkono wake. Unafungua mdomo. Ndo hivo tu, unafungua mdomo, huchukui kwa mkono wako, hugeuzi shavu. Na jiandae maana moja haitoshi, mara nyingi itakuja ya pili na ya tatu, na ukikataa ile ya kwanza kabisa umekataa mtu, hujakataa chakula. Ukishapokea ndo unaweza kuweka mkono kifuani ukasema tegebku, nimeshiba. Mkono kifuani unasaidia sana, sijui kwa nini, labda kwa sababu hausukumi kitu. Ule mkono wa kusukuma sahani au wa kupunga kama unafukuza nzi, huo uache uwanja wa ndege.

Halafu Senegal. Dakar nlikula ceebu jën, wali na samaki, chakula ambacho mwaka 2021 UNESCO walikiweka kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika, na hata maelezo ya pale yanataja adabu za kukaa kwenye bakuli: hukai umeinua goti, mkono wa kushoto unashika ukingo wa bakuli, na unajitahidi punje zisidondoke. Bakuli ni moja kubwa katikati ya mkeka, viatu vimebaki nje, kila mtu ana upande wake, unakula kilicho mbele yako huendi kuchimba kwa jirani hata kama karoti yake inakuita. Mwenye nyumba ndo anamega samaki na mboga kwa mkono anazisogeza, kipande hiki kwa mtoto, hiki kwa mgeni. Na mgeni anasogezewa kingi! Nlikuwa namaliza upande wangu, nkiangalia tena umejaa, namaliza, umejaa. Nkipunguza kasi nasikia lekkal, lekkal, kwa Kiwolofu yaani kula, kula.

Nlikuwa nimeuliza mapema kwa kijana mmoja aliyenisindikiza, nikishiba kweli nasemaje. Akanifundisha suur naa. Nkaisema pale, na kabla yake nkasema neex na, ni kitamu, maana kile kilikuwa kitamu hasa, ule wali wa chini ulioshika sufuria ningekula hadi leo. Bibi mmoja alicheka akapiga kofi, akarudia suur naa yangu kwa matamshi sahihi, nkairudia, akanirekebisha tena, na bakuli zima likaacha kula kwa muda watu wananifundisha hiyo naa ya mwisho iwe ndefu kiasi gani. Hakuna aliyeudhika kwamba nimeacha. Nlivyoona mimi walifurahi zaidi kuliko kama ningekula mpaka nikavimbiwa, kwa sababu nimekataa kwa kauli yao.

(Na huko usiulize kitu chochote kabla ya salamu. Hata njia ya kwenda stendi. Unasalimia, unaulizwa hali, unajibu, unauliza nawe, halafu ndo njia. Anayeanza na swali anaonekana kama kamwona mtu ni kibao cha barabarani.)

Kuna kitu kingine wasemaji wa Kiswahili tunacho na hatujui kama tunacho: basi. Hilo neno tumelipata kutoka upande wa Uajemi na Uarabuni, na ndugu zake wako kila mahali, ukiwa Iran ni bas, kwa Waarabu ni bass, India na Pakistan ni bas, na mezani kote huko linaeleweka kama inatosha. Unakaa na mtu Delhi anakuongezea roti, unafunika sahani kwa kiganja unasema bas, bas, mnaelewana papo hapo kama mmekulia nyumba moja. Tahadhari ni moja, lisiwe kavu. Sema na tabasamu, sema na asante, kwa sababu peke yake linaweza kusikika kama unamfokea mtoto. Kwa Wairani kuna zaidi, kuna kile wanachoita taarof, mtu anakukaribisha na wewe unakataa kwanza, anarudia, unakataa, anarudia tena ndo unapokea, na ukiwa hujui utachukua ile ya kwanza au utakataa moja kwa moja na vyote viwili vinaleta ugumu. Hata dereva wa teksi anaweza kukwambia usilipe, ghabel nadare (si kitu), na wewe unatakiwa ulipe. Lipa tafadhali.

Kwingine hata neno halihitajiki, kuna ishara. Nchi za Ghuba kahawa inamiminwa kidogo kidogo kwenye kikombe kisicho na mkono, unapokea kwa mkono wa kulia, na anayemimina anabaki amesimama na dalla, birika lake la kahawa. Ukirudisha kikombe tu, anakujazia. Ukirudisha tena, anakujazia. Sio kwamba anakulazimisha, wewe ndo hujamwambia! Unatakiwa ukitikise kikombe kushoto kulia kidogo, hapo anakipokea anapita kwa mwingine. Nimeona mgeni amekunywa hadi anatetemeka kwa sababu hakuna aliyemwambia hilo na yeye aliona aibu kuuliza. Uturuki ukilaza kijiko juu ya mdomo wa glasi ya chai ndo umemaliza, hawaongezi. Tamil Nadu, kusini mwa India, unakula kwenye jani la mgomba na wahudumu wanapita na ndoo, hiki wanakuchotea, kile wanakuchotea, kiganja juu ya jani kinawasimamisha, na ukimaliza kabisa unalikunja jani kuelekea kwako. Kuelekea kwako. Ukilikunja kwenda mbele ni ishara ya kwenye msiba.

Na Japani wala sikuwahi kuwa na tatizo la kuongezewa, kule kazi ilikuwa ni kumaliza. Kubakiza wali kwenye bakuli kunaonekana ni kupoteza, hivyo ukijua huwezi kumaliza omba kidogo mwanzoni. Kabla ya kula wanasema itadakimasu, baada ya kula gochisosama deshita, na hilo la pili nalipenda sana kwa sababu unamshukuru aliyehangaika, siyo chakula tu. Vijiti usivisimamishe kwenye wali na usipokezane kipande vijiti kwa vijiti, hivyo vyote ni mambo ya mazishi, cha pili hasa ndivyo wanavyookota mifupa ya marehemu baada ya kuchoma mwili. Ukishajua hilo huwezi kukosea tena maisha yako yote, mi nadhani wangetuambia sababu badala ya kutuambia tu usifanye, tungeshika haraka.

Swala la chakula usichokula kwa dini au kwa ugonjwa, jamani lisemeni MAPEMA. Sio sahani ikishafika. Ukialikwa, pale pale unapokubali mwaliko ndo unasema, na unasema unachokula siyo usichokula peke yake, ili mwenyeji apate kitu cha kupika na siyo mtihani. Ethiopia kwa mfano Wakristo wa Orthodox wanafunga Jumatano na Ijumaa na kipindi kirefu kabla ya Pasaka, hawali nyama, maziwa wala mayai, kwa hiyo asiyekula vitu vya mnyama akisema tsom, mfungo, anapewa sinia la dengu na shiro (mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde) na mboga za majani la kutosha bila maelezo mengi. Na Mwislamu asione vibaya kuuliza nyama imechinjwa na nani, kule Wakristo na Waislamu kwa kawaida kila mmoja anakula ya kuchinjwa na wa kwake na wanaishi hivyo miaka na miaka, swali lako halimshangazi mtu.

Simu nayo. Kuna siku tutajua ni wapishi wangapi wamepigwa picha bila kuulizwa. Kyoto, Japani, mwaka 2024 mtaa wa Gion walifika mahali wakafunga vichochoro vya watu binafsi kwa watalii, na bango la faini ya yeni 10,000, kwa sababu watu walikuwa wanawakimbiza geiko na maiko (wale geisha wa Kyoto na wanafunzi wao) na kamera wakiwa wanaenda kazini. Kazini! Mtu anawahi kazini unamvuta nguo. Kuuliza ni sentensi moja, kwa Kiamhari ni foto mansat yichalal, na akitikisa kichwa kukataa unashusha simu na mazungumzo yanaendelea, kukataa kwake nako kunastahili heshima ile ile unayoitaka kwa kukataa kwako.

Siku mbili baada ya lile tukio la kahawa nlirudi kwa yule mama. Safari hii sikuweka miadi na mtu. Majani mabichi yametandazwa sakafuni, ubani unawaka, watoto wanagombea bisi, nkanywa abol, nkanywa tona, stori zikawa ndefu mpaka giza likaanza kuingia, na baraka ilipokuja niliishika kwa mikono miwili nkainywa taratibu. Alipoinua jebena kuniuliza kwa macho, nkaweka mkono kifuani nkasema bekkany, imenitosha. Akasema ishi, sawa. Akakusanya vikombe kwenye sinia, akamwambia binti yake aniulize kesho naja saa ngapi.