Kodi ya Miezi Kumi na Miwili

Mpangaji wangu wa kwanza alinikabidhi funguo Jumamosi asubuhi, akashukuru, akaenda zake. Nilipobaki peke yangu sebuleni ndipo nilipoliona doa la maji darini, la hudhurungi, pana kama sinia. Fundi alipanda ngazi, akabandua ubao mmoja, akabonyeza boriti kwa kidole gumba. Kidole kikazama.

"Hapa pamevuja siku nyingi," akasema. "Ungewahi, ilikuwa kazi ya nusu saa."

Mwaka mzima sikuwa nimetia mguu mle ndani kukagua. Nyumba niliinunua kwa mkopo, na hesabu yangu ilikuwa fupi: kodi ya mwezi mara kumi na mbili, toa marejesho ya benki, kinachobaki ni changu. Nacho nilikuwa nimekitumia chote.

Jioni dada yangu mkubwa, aliyepangisha nyumba miaka mingi, alikuja na daftari lake. "Mdogo wangu, lete risiti zote." Tukaandika: kodi ya majengo, bima, malipo ya dalali, kodi ya mapato. Neno ni lile lile, kodi, liwe la fedha ninayopokea kwa mpangaji au ninayoipeleka serikalini, ila mimi nilikuwa nimepigia hesabu ile inayoingia tu.

Tulikwama kwenye matengenezo. Yeye hutenga kila mwaka asilimia 1 ya thamani ya nyumba, na zaidi kama imechakaa, hata mwaka ambao hakuna kilichoharibika. Nikabisha kwamba hizo ni hela za kulala bure.

"Paa linazeeka hata siku usiyolitazama," akanijibu. "Hela hizo ni zake. Wewe umeshikishwa tu."

Kisha akaniuliza mwaka una kodi ya miezi mingapi. Nikasema kumi na miwili. Akakata, akaandika kumi na moja, akaongeza: "Mungu akijalia."

Mimi sikuipata hata hiyo kumi na moja. Kubadilisha boriti, kupaka rangi na kutafuta mtu kulichukua miezi miwili, na marejesho ya benki yote mawili yalitoka kwenye mshahara wangu. Miezi ile ilinikaba kweli kweli.

Siku ya kumkabidhi mpangaji wa pili funguo, nilitangulia mapema. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikapanda darini na tochi, nikapapasa boriti mpya moja moja. Zilikuwa kavu.