Vidole vyangu vimenisemea

Nilitegemea wiki hii ningeandika habari za ofisini. Basi hizo kwa ufupi: kitengo chetu kimeunganishwa na kile cha ghorofa ya juu, mkuu ndiye yule yule niliyemhofia hapa mwezi uliopita, na mdogo wangu amejifungua salama, mtoto wa kike, tunashukuru. Sasa nirudi kwenye kinachoninyima usingizi.

Mama mkwe alikuwa anakunja nguo huku ananisimulia ule mgogoro wa jirani yake na ukuta (sehemu ya ngapi hii, hata sijui). Yeye ana utaratibu wake: anaanza na mikono ya shati, analilaza kifudifudi, halafu analipapasa mgongoni kama anabembeleza mtoto. Nimekaa, nasikiliza. Vidole vyangu vikaanza kulia, kimoja baada ya kingine, hadi gumba. Mnaijua tabia yangu. Hakuinua macho.

"Mwanangu, ukianza hivyo vidole huwa najua nimeshakuchosha."

"Hapana, mama. Ni mazoea tu."

"Mh."

Akachukua suruali ya mwanawe, akaendelea na ukuta.

Ndiyo hivyo tu. Hakuna aliyepandisha sauti. Lakini kumbe ni jambo la siku nyingi! Miaka yote hii nikiamini nimekaa kwa adabu, mikono mapajani, mwenzangu ananisoma vidole. Naoga, nasikia "nimeshakuchosha". Kwenye kikao cha kuunganishwa vitengo, mkuu anaongea, mimi nimekalia mikono yangu. Alikuwa anatania? Hakucheka. Amekasirika? Mbona nguo zangu alizikunja vizuri kuliko za mwanawe?

Majibu nimeyatunga ya kutosha, yote yamechelewa. Ningemwambia kinacholia ni mambo ya kiputo cha gesi kwenye ute wa maungio, wala hakijui nani anaongea. Tena kidole kikishalia, kinahitaji kama dakika 20 kabla ya kulia tena. Ningemsimulia habari za Donald Unger, daktari wa Marekani aliyealisha vidole vya mkono wa kushoto angalau mara mbili kwa siku kwa miaka 50, wa kulia akauacha, makusudi aone kama vya kushoto vitapata ugonjwa wa maungio. Havikupata. Aliandika matokeo kwenye jarida la kitabibu mwaka 1998, na 2009 wakampa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza. Nilikuwa namsoma usiku kwa raha zangu mpaka nikafika kwenye orodha ya waliomtisha kuhusu vidole: mama yake, shangazi zake, na baadaye mama mkwe. Nikazima simu.

Nikamuuliza Baba Watoto kama mama yake amewahi kunilalamikia. Akacheka mpaka akakaa. "Mama? Wewe hujamwangalia yeye ukiwa unasimulia mambo ya kazini."

Jana nimemwangalia. Nimeanza tu habari za mkuu na nani atakaa dirishani, taulo alilokwisha kulikunja na kuliweka juu ya mengine likarudi mapajani. Akalikunjua. Akalikunja upya, pembe kwa pembe. Nikanyamaza, mikono ikatulia. Nikasema, "Halafu mama, yule mkuu akaja na ratiba nyingine." Taulo likakunjuliwa.

Jamani, furaha niliyoipata haina adabu. Nimesimulia ratiba nzima, hadi vipengele ambavyo hata mimi sivijali, na yeye anaitikia "ee", "eti", "maskini", macho ya upole kabisa, taulo linakwenda na kurudi. Sikumwambia kitu na sitamwambia. Jioni ameniaga vizuri sana, akaniuliza lini naenda kumwona mtoto wa mdogo wangu ili tufuatane.

Ila kuna hili, na silo dogo. Kijana wetu wa kati amesema, tena kama jambo la kupita, kwamba siku hizi akikaa nyuma darasani haoni ubaoni. Nimemsimamisha mlangoni nikamwambia anisomee kalenda iliyo ukutani. Jina la mwezi kalipata. Tarehe kazisoma kwa kukumbuka zinavyofuatana, jicho moja kalikunja. Kesho asubuhi tunakwenda kupima. Naomba iwe miwani tu.